Barua ya kuacha kazi isubiri viza

Ukituma ombi la ukaazi wa kudumu wa Kanada usiku wa leo, kesho asubuhi utaamka ukiwa na namba ya ombi na risiti ya ada. Viza huna. Tarehe ya safari huna. Ahadi huna. Hata hivyo wapo wenzetu, Nairobi na Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, ambao wakishaipata namba hiyo tu huingia kwa bosi na barua ya kuacha kazi mkononi. Ofisini watu huchangishana keki na soda, hotuba hutolewa, picha hupigwa. Miezi minane baadaye mtu yule yule anakutwa kituo cha matatu, anaulizwa, "Kumbe bado upo?"

Msimamo wetu ni mmoja: usiache kazi kwa sababu ombi liko njiani. Acha kazi viza ikishakuwa ndani ya pasipoti. Atakayekuhimiza uharakishe kabla ya hapo hatakulipia kodi ya nyumba.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo uvumi ulipojaa. Wapo wanaosema ukiacha kazi ombi linakufa papo hapo. Si kweli. Mpango wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao tangu 1 Januari 2015 unaendeshwa kupitia mfumo wa Express Entry, unatazama uzoefu ulioupata tayari. Unatakiwa uwe umefanya kazi ya ujuzi angalau mwaka mmoja mfululizo, saa 1,560 kwa uchache, ndani ya miaka 10 iliyopita, na ufikishe alama 67 kati ya 100. Mwaka huo ukishatimia ni wako. Mhasibu aliyefanya kazi miaka sita pale Westlands hapotezi miaka yake sita siku anayorudisha funguo za ofisi. Kukosa ajira, peke yake, si sababu ya kukataliwa katika mpango huo.

Ila kuna sharti ambalo wengi hulipuuza. Kwenye fomu uliandika kwamba unafanya kazi mahali fulani mpaka sasa. Ukiacha, maelezo hayo si kweli tena, na wajibu wa kuyasahihisha ni wako. Ipo fomu ya mtandaoni ya kutoa taarifa hiyo. Historia yako ya miaka 10 haitakiwi kuwa na pengo. Hata miezi ya kukaa bila kazi huandikwa kama ilivyo. Anayeingia matatani ni aliyenyamaza. Ofisa wa viza anaweza kupiga simu kwa mwajiri siku yoyote. Simu inalia mapokezi saa nne asubuhi, dada wa mapokezi anajibu kwa moyo safi: "Huyo? Huyo aliacha kazi tangu Machi." Hajakosea, amesema anachokijua. Lakini sasa faili lina maelezo mawili yasiyopatana, na kinachofuata ni barua ya kukutaka ujieleze. Usiporidhisha, kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinaruhusu ufungiwe miaka mitano kwa kuficha au kupotosha jambo lenye uzito katika ombi.

Kwa hiyo sheria haikufungi kwenye kiti chako. Kinachokufunga ni fedha, muda na barua ya mwajiri, na kwa haya matatu watu wanaumia kila siku.

Fedha kwanza. Mwombaji wa mpango huu lazima aonyeshe kwamba ana akiba ya kuanzia maisha. Kiwango hupandishwa karibu kila mwaka. Kufikia 2025 kilikuwa kimevuka dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja na dola 28,000 kwa familia ya watu wanne. Kwa mtu mmoja tu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Akiba hiyo haitakiwi kuwa mkopo, na barua ya benki hutaja salio la wastani la miezi sita. Na si ya kuonyeshwa mara moja tu. Inatakiwa iwepo siku unayotuma ombi, na iwepo siku viza inapotolewa.

Sasa mtazame aliyeacha kazi mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili analipa kodi ya nyumba kutoka kwenye akiba ile ile. Mwezi wa tatu ada ya shule. Mwezi wa nne mama anaugua kijijini, na mtoto "anayekwenda Kanada" ndiye wa kwanza kupigiwa simu, kwa sababu kijiji kizima kinaamini tayari ana dola. Mwezi wa saba ofisa anaomba barua mpya ya benki. Salio limeshuka chini ya kiwango. Ombi lililokuwa halina dosari sasa lina dosari, na dosari hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa kufunga bomba la mshahara kabla ya wakati.

Kuna deni la Sacco pia, jambo ambalo washauri wa safari hawalitaji kabisa. Wafanyakazi wengi hukopa kwa makato ya mshahara, na wadhamini wao ni wenzao wa meza ya pili na ya tatu. Mshahara ukikoma, makato yanakoma. Mkopo usipolipwa, Sacco inamgeukia mdhamini. Yule dada aliyekata keki yako siku ya kuagana ndiye atakayefungua hati yake ya mshahara na kukuta shilingi zimepungua kwa ajili ya mkopo usio wake. Tunasema hili kwa uchungu kwa sababu urafiki wa miaka mingi huvunjika hivi, na aliyeondoka mara nyingi hajui mpaka aanze kuona simu zake hazipokelewi.

Muda ndio unaowadanganya wengi zaidi. Kanada imejiwekea lengo la kuamua maombi mengi ya Express Entry ndani ya miezi sita, na watu huisoma miezi sita kama tarehe ya ndege. Miezi sita ni lengo la ofisi. Wewe hukuahidiwa chochote. Faili linaweza kukwama kwenye ukaguzi wa usalama, kwenye cheti cha polisi cha nchi uliyowahi kuishi, kwenye jina lililoandikwa herufi tofauti katika cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Uchunguzi wa afya hudumu miezi 12; ukiisha, unaweza kuambiwa upimwe upya na kulipa upya.

Na serikali hubadilisha mawazo. Machi 2012 Kanada ilitangaza katika bajeti yake kwamba itafuta maombi ya wafanyakazi wenye ujuzi yaliyopokelewa kabla ya 27 Februari 2008 na ambayo hayakuwa yameamuliwa. Watu wapatao 280,000, waombaji na familia zao, waliguswa na hatua hiyo, na sheria ikapita Juni mwaka ule ule. Walirudishiwa ada zao. Miaka yao hawakurudishiwa. Waliokwenda mahakamani kupinga walishindwa Aprili 2013. Hawakuwa wamekosea fomu wala kudanganya. Walikuwa wamesubiri tu, wote zaidi ya miaka minne, na foleni ikafutwa wakiwa ndani yake.

Ukisema hayo ni ya zamani, kumbuka janga la korona. Mipaka ilipofungwa Machi 2020, watu ambao ombi lao la ukaazi liliidhinishwa baada ya tarehe 18 ya mwezi huo walikaa na hati zao kabatini; wengi wao waliruhusiwa kusafiri kuanzia 21 Juni 2021. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Kati yao walikuwamo waliouza magari, waliovunja mikataba ya nyumba, waliokabidhi kazi. Wengine walikuwa bado wanangoja mwaliko wa kutuma ombi, na kwa wafanyakazi wenye ujuzi walio nje ya Kanada mialiko hiyo ilisimama kuanzia mwisho wa Desemba 2020 mpaka Julai 2022.

Hali ya sasa nayo haikaribishi haraka. Oktoba 2024 serikali ya Kanada ilipunguza idadi ya wakaazi wapya iliyopanga kuwapokea mwaka 2025, kutoka 500,000 hadi 395,000, na kupanga kushuka zaidi miaka inayofuata. Mialiko mingi imekwenda kwa watu ambao tayari wanafanya kazi Kanada, na kwa makundi maalumu kama wahudumu wa afya na wanaozungumza Kifaransa. Hapa ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wana nafasi ambayo wa Nairobi na Dodoma hawana: Februari 2024 mchujo mmoja wa wanaojua Kifaransa ulishuka hadi alama 336 (hizi ni alama za kuwapanga waombaji ili waalikwe, si zile 67 za kufuzu), wakati michujo ya jumla ya miezi ile ilikuwa inadai zaidi ya 500. Lakini hata kwao alama ni alama tu, viza bado ni jambo jingine.

Anayeacha kazi akiwa bado hajaalikwa anajipunguzia mwenyewe. Uzoefu wa nje ya Kanada huongeza alama ukifika mwaka mmoja, na tena ukifika mitatu. Umri nao, ukishavuka miaka 29, hula alama tano au sita kila siku ya kuzaliwa mpaka ukaribie 40. Mwenye kazi ana kitu cha kufidia. Miaka inamwondolea alama upande mmoja, uzoefu unamwongezea upande wa pili. Aliyeacha kazi akiwa na miaka miwili na nusu ya uzoefu amebaki na umri peke yake, na umri haumngoji.

Sasa tuje kwenye barua ya mwajiri, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha jambo lote.

Kanada haikubali neno lako tu kwamba ulikuwa mhandisi. Inataka barua kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni, iliyosainiwa na msimamizi wako au ofisi ya utumishi, ikitaja cheo chako, majukumu yako makuu, tarehe ya kuanza, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu. Majukumu hayo lazima yafanane na kazi uliyoitaja kwenye ombi, lakini yasiwe yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kitabu cha serikali cha kuainisha kazi, maana ofisa akiona nakala anaipa barua uzito mdogo. Ukurasa mmoja, wakati mwingine miwili. Maombi mengi husimama au kuanguka juu ya ukurasa huo.

Chukua mfano wa muuguzi wa hospitali binafsi. Jumanne anapanda ghorofa ya pili na bahasha ya kaki, ndani ameweka rasimu ya barua aliyoiandika mwenyewe ili kuwapunguzia kazi. Ofisa utumishi anaisoma mstari wa kwanza, anaiweka mezani, anamtazama juu ya miwani: "Kwani unaenda wapi?" Kufikia chakula cha mchana wodi nzima inajua. Wiki inayofuata ratiba imebadilika, zamu za usiku zimeongezeka. Mafunzo aliyokuwa ameahidiwa amepewa mwingine, "kwa kuwa wewe unaondoka." Barua bado haijasainiwa. Kila akiuliza, mkurugenzi yuko safarini.

Muuguzi huyo akiandika barua ya kuacha kazi siku hiyo kwa hasira, tunamwelewa. Ila atakuwa amempa mwajiri mbaya ushindi. Akiwa ndani, anaweza kurudi kesho na kesho kutwa kuulizia. Akishatoka, atakuwa mtu wa kusubiri getini na kitambulisho kwa mlinzi. Wenye uzoefu wa mambo haya hufuata mpangilio mmoja: barua kwanza, ombi pili, viza tatu, kuaga mwisho. Anayebadilisha mpangilio huo hujikuta anakusanya vipande vya ushahidi vya kubahatisha, mkataba wa zamani, hati za mshahara, taarifa za benki, na kuandika maelezo ya kwa nini barua haipo. Ofisa anaweza kukubali. Anaweza asikubali.

Hapa lawama hatumwachii mfanyakazi peke yake. Waajiri wetu wengi wanaiona barua ya majukumu kama usaliti, na wanaitumia kama kamba. Hilo ni kosa. Barua inayosema kweli kwamba mtu fulani alifanya kazi fulani kwa saa fulani na mshahara fulani si fadhila. Ni taarifa za maisha ya mtu, alizozilipia kwa jasho. Mwajiri anayeinyima hamzuii mtu kuondoka. Anamfundisha kuondoka kwa siri, bila kukabidhi kazi na bila kumfundisha anayempokea, na pengo hilo linamrudia mwajiri mwenyewe.

Sheria zetu zinasaidia nusu njia. Nchini Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, ikiwa alifanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, nayo inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi kazi inapokwisha. Matatizo ni mawili. Cheti hicho huja baada ya kazi kwisha, wakati mwombaji anaihitaji barua akiwa bado kazini. Na cheti cha Kenya kinataja jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina na mahali pa kazi. Saa za wiki hakitaji, mshahara hakitaji, majukumu hayamo. Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa maoni juu ya tabia au utendaji wa mfanyakazi, na wapo waajiri wanaojificha nyuma ya maneno hayo kukataa barua yoyote ile. Wanachanganya mambo. Hakuna anayewaomba wamsifu mtu. Wanaombwa wataje saa na majukumu ambayo sheria tayari inawataka wayaandike kwenye mkataba wa ajira.

Tunazitaka wizara za kazi za nchi hizi mbili zifanye jambo jepesi. Ziweke fomu moja ya uthibitisho wa ajira, yenye cheo, majukumu, saa, mshahara na tarehe, ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuiomba akiwa bado kazini na kuipata ndani ya siku zilizowekwa, bila kuulizwa anaipeleka wapi. Fomu hiyo itamfaa anayeomba mkopo wa nyumba, anayeomba nafasi ya chuo, anayehamia mji mwingine, na anayekwenda Kanada. Serikali ya Kenya hujivunia fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje, zaidi ya dola bilioni 4.9 za Marekani mwaka 2024. Inaweza basi kumsaidia Mkenya huyo kupata karatasi moja yenye muhuri kabla hajaondoka.

Tumezungumzia Kanada kwa sababu ndiyo njia ambayo mtu huomba kwa jina lake mwenyewe, bila mwajiri wa kumdhamini. Kwa wale ambao ombi lao limefungwa kwa mwajiri, onyo letu ni kali zaidi. Uingereza, viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi imeshikwa na mwajiri aliyekudhamini. Muuguzi au mtunza wazee anayetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine lazima atume ombi jipya na asianze kazi mpya mpaka lijibiwe. Anaruhusiwa kuendelea na ile ya zamani wakati anasubiri, na aendelee nayo. Akiondoka bila ombi jingine, mwajiri anatoa taarifa, na kwa kawaida serikali humkatia muda wa kukaa hadi siku 60. Marekani, sheria ya mwaka 2000 inamruhusu anayesubiri kadi ya kijani kupitia kazi ahamie kwa mwajiri mwingine ombi lake la mwisho likishakaa siku 180, ilimradi kazi mpya iwe ya aina ile ile au inayofanana nayo. Siku ya 170 si siku ya 180. Kabla ya kusogea, mwone mwanasheria mwenye leseni, na umlipe. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kosa.

Wapo wanaotoka kazini bila kupenda. Kampuni inafungwa, mkataba unaisha, bosi ananyanyasa mpaka mwili unakataa. Wapo kina mama wanaojifungua na kukuta nafasi yao imekaliwa. Kwa hao hatusemi vumilia. Afya na heshima haviwekwi rehani kwa ajili ya viza. Tunasema tu: chukua barua yako kabla ya siku ya mwisho, hata kama ni lazima umlilie mkuu wa utumishi. Chukua hati za mshahara za miaka yote na uziweke mahali pasipo na maji wala panya. Kisha ipe Kanada taarifa wiki ile ile, kwa maneno machache na tarehe sahihi. Ukipata kibarua kingine, nacho kiandike. Ombi la mtu aliyepunguzwa kazini na kusema ukweli liko salama kuliko la aliyebaki kazini kwa jina tu.

Na wapo wanaochoka. Hili tunalielewa kuliko yote. Mtu akishaona kwa macho ya moyo barabara za Calgary, kukaa tena kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na mbili asubuhi ni adhabu. Kazi inakuwa chungu, mikutano inakuwa mirefu, na kila jambo la ofisi linaonekana dogo. Kama una siku za likizo, chukua. Kama mwajiri anakubali likizo bila malipo, iombe kwa maandishi. Tumia jioni zako kurudia mtihani wa lugha, ambao unaongeza alama kuliko karibu kitu kingine chochote kilicho ndani ya uwezo wako. Lipa Sacco. Usimwambie kila mtu.

Mawakala wanaowaambia watu waache kazi "ili kuonyesha nia" waogopwe. Hakuna alama ya nia katika Express Entry. Kuna alama za umri, elimu, lugha, uzoefu na mambo mengine machache, na zote zimeandikwa hadharani, bure, kwenye tovuti ya serikali ya Kanada. Anayekudai fedha kwa ajili ya siri ambayo haipo atakudai tena ombi likichelewa.

Kazi yenyewe, ile unayotaka kuikimbia, ndiyo inayolipa ada ya mtihani, ada ya uchunguzi wa afya, tafsiri za vyeti na nauli. Ndiyo inayomfanya ofisa apige simu na kusikia, "Ndiyo, yuko hapa, nikuunganishe?" Miezi ya kusubiri si miezi iliyopotea ukiwa na mshahara.

Siku viza itakapotoka, soma tarehe ya mwisho ya kuingia Kanada iliyoandikwa kwenye hati yako. Mara nyingi hufuata ukomo wa uchunguzi wa afya au wa pasipoti. Rudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Toa siku 28, ambazo ndizo notisi ya kawaida kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi, Kenya na Tanzania. Toa siku za kwenda kijijini kuaga wazazi, na uzipange kwa ukarimu. Kinachobaki ndicho chako cha kununulia tiketi. Siku hiyo kaa chini, andika barua ya shukrani na ya kuacha kazi, ipeleke mwenyewe kwa mkono. Kabla ya siku hiyo, kesho saa mbili asubuhi uwe kazini.